Tairi Linalokubali Jiwe

Mwishoni mwa mwaka 1887, uani kwake mjini Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alifanya jaribio ambalo mtoto yeyote aliyewahi kukimbiza ringi angeweza kulifanya. Mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye mipira migumu, isiyo na upepo ndani, na barabara za mawe za mji ule zilimtikisa kijana hadi mifupa. Dunlop alichukua gurudumu moja la baiskeli hiyo, akalisukuma kwa mkono likimbie uani. Likaenda kidogo, likapunguza mwendo, likayumba, likalala kabla ya kufika mwisho. Kisha akachukua duara la mbao alilolitengeneza mwenyewe, upana wake kama inchi 16. Ukingoni alikuwa amelizungushia bomba la mpira mwembamba, akalivisha kitambaa cha kitani, akakipigilia kitambaa hicho kwa misumari midogo kwenye mbao, na kulijaza bomba upepo kwa pampu ya mpira wa kuchezea. Akalisukuma kwa nguvu ile ile. Likavuka ua mzima, likagonga lango, likadunda.

Anayetaka kuyaelewa matairi mepesi yanayotumika leo kwenye mbio za baiskeli za milimani na za barabara za changarawe aanzie kwenye lango lile. Dunlop hakuwa akitafuta kasi. Alitaka mtoto asitikisike. Kasi ilikuja yenyewe, kwa sababu gurudumu linalokubali jiwe halilazimiki kulipanda. Wapanda baiskeli walilijua jambo hili tangu mwanzo, kisha wakalisahau kwa sehemu kubwa ya karne nzima, na kulikumbuka tena kumewagharimu ubishi mwingi.

Hata Dunlop mwenyewe hakuwa wa kwanza. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alipata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, kabla baiskeli haijawa kitu cha maana. Alilifunga kwenye magari ya farasi: mfuko wa turubai iliyopakwa mpira, ukavishwa ngozi kwa nje. Seti moja ya matairi hayo ilikwenda maili 1,200. Lakini mpira ulikuwa ghali, wenye magari hawakuona haja, na wazo likalala kwa zaidi ya miaka arobaini. Hataza ya Dunlop ya 1888 ilibatilishwa baadaye, ile ya Thomson ilipofukuliwa kwenye majalada.

Tarehe 18 Mei 1889, katika viwanja vya Queen's College mjini Belfast, nahodha wa klabu ya Belfast Cruisers aitwaye Willie Hume aliingia mashindanoni na baiskeli yenye matairi ya upepo. Watazamaji walicheka. Matairi yalikuwa manene, yamevimba, hayakufanana na kitu cha mbio. Hume akawashinda wote. Miongoni mwa walioachwa nyuma walikuwa watoto wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin, na baba yao akasoma alama za nyakati: kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshashiriki kuunda kampuni ya kutengeneza matairi yale.

Kasoro yao ilikuwa moja kubwa. Yalibandikwa kwa gundi kwenye rimu, na tairi likipata pancha fundi alilazimika kulibandua, kuliziba, kulibandika upya na kusubiri gundi ikauke. Mpanda baiskeli mmoja alifika na pancha ya namna hiyo kwenye kiwanda cha ndugu Michelin huko Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kazi ilichukua saa kadhaa pamoja na usiku mzima wa kukausha. Édouard Michelin aliipanda baiskeli ile asubuhi. Tairi likaharibika tena, lakini alikuwa ameshaonja mwendo wake. Akatengeneza tairi la kuvuliwa na kuvikwa. Septemba 1891 Charles Terront alilitumia katika mbio za Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200, akamaliza kwa saa 71 na dakika 22. Wa pili alifika saa kadhaa baadaye.

Hapo ndipo ulimwengu ukawa na njaa ya mpira, na njaa hiyo ilikuja kushibia kwetu.

Sisi tunalo neno moja, mpira, kwa mmea, kwa utomvu wake, kwa kitu cha kuchezea na kwa tyubu ya baiskeli. Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa ukiuza mpira wa mwituni kupitia Zanzibar kabla Dunlop hajashika pampu. Ulitoka kwenye mitambaa ya msituni ambayo wataalamu wa mimea waliiita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja. Anayekunywa juisi ya mabungo leo anakunywa tunda la mtambaa wa jamaa hiyo hiyo.

Mitambaa ya aina hiyo ilijaa zaidi katika misitu ya Kongo, na Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu 1885. Mwaka 1890 nchi ile ilisafirisha nje kama tani 100 za mpira. Mwaka 1901 zilikuwa kama tani 6,000. Ongezeko hilo halikuletwa na jembe wala mashine. Lililetwa na bunduki na mjeledi wa ngozi ya kiboko. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira cha kupeleka. Wanaume waliingia msituni kukata mitambaa na kukinga utomvu, huku wake zao wakishikiliwa kama rehani. Kiasi hicho kisipotimia, watu waliuawa, na askari walitakiwa kuleta mikono iliyokatwa kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha mwanamume aitwaye Nsala akiwa ameketi barazani, ametulia, anaangalia mkono mdogo na mguu mdogo vilivyolazwa mbele yake. Vilikuwa vya binti yake wa miaka mitano. Picha hiyo, pamoja na ripoti ya Roger Casement ya mwaka huo huo, ilichangia kumnyang'anya Leopold nchi ile mwaka 1908.

Ninaiweka picha ya Nsala katikati ya habari ya matairi kwa makusudi. Magari ya injini yalikuwa bado machache miaka ile. Baiskeli ndiyo iliyokuwa homa ya Ulaya na Marekani, na sehemu ya mpira wa Kongo ilizunguka chini ya watu waliokwenda matembezi ya Jumapili. Historia ya tairi inayoruka jambo hilo imepunguzwa uzito mahali pasipostahili.

Mpira wa mwituni ulikuja kufa kwa sababu ya mbegu. Mwaka 1876 Henry Wickham alikuwa ametoa Brazil kama mbegu 70,000 za mpira wa Hevea na kuzipeleka London, na vizazi vyake vikapandwa Ceylon na Malaya. Mashamba hayo yalipoanza kutoa utomvu kwa wingi, bei ikaporomoka. Wajerumani nao walikuwa wamepanda aina nyingine ya mpira katika maeneo ya Tanga na Muheza. Anguko la bei la 1913 likawamaliza, na mkonge ukachukua ardhi.

Ni Muheza hiyo hiyo ambako, miaka mingi baadaye, nilijifunza imani niliyokuja kuiacha ukubwani. Fundi baiskeli wetu alikaa chini ya mkorosho, na kipimo chake cha upepo kilikuwa dole gumba. Alipampu, akabonyeza tairi, akapampu tena, mpaka dole lisizame hata kidogo. Mwisho aligonga tairi kwa spana, akasikiliza. "Limekuwa jiwe hilo, mwanangu, nenda." Tulimwamini, na kwa kazi ya baiskeli zile alikuwa sahihi: baiskeli ya Phoenix iliyobeba gunia la machungwa, ikiwa na upepo mdogo, hubana tyubu kwenye rimu na kuitoboa palepale. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kilichofaa kwa gunia ndicho kilichofaa kwa mwendo.

Kosa hilo hatukuwa nalo peke yetu. Wanamashindano wa Ulaya waliliamini kwa karne nzima. Baada ya 1900 matairi ya mbio za barabarani yaliendelea kuwa membamba na kujazwa upepo zaidi, hadi kufikia miaka ya 1980 ambapo waendeshaji wengi walipanda matairi ya milimita 20 au pungufu, magumu kama fimbo. Maabara ziliwaunga mkono. Tairi lilipimwa kwa kulizungusha juu ya pipa la chuma laini, na juu ya chuma laini kadiri upepo unavyoongezeka ndivyo tairi linavyokunjika kidogo na kupoteza nguvu kidogo. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni barabara, pamoja na mtu aliyeketi juu ya baiskeli.

Walikuwapo waliokataa. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyeandika kwa jina la Vélocio katika jarida lake la Le Cycliste, alitetea tairi pana na laini kwa safari ndefu za milimani, na watengenezaji wa Paris kama René Herse na Alex Singer walijenga baiskeli za aina hiyo hadi miaka ya 1950. Ulaya ya mashindano haikuwasikiliza.

Tairi pana lilipata hifadhi mahali pasipotarajiwa kabisa: kwenye baiskeli za watoto wa Marekani. Mwaka 1933 Frank Schwinn wa Chicago alileta sokoni tairi nene la inchi 26 kwa 2.125, wazo alilolichukua Ujerumani. Lilikuwa zito, lilikuwa imara, na lilistahimili vijana wa kurukia kingo za barabara. Miaka arobaini baadaye baiskeli hizo zilikuwa chuma chakavu, na vijana wa Marin, kaskazini ya San Francisco, walizinunua kwa bei ya bure ili wateremke nazo Mlima Tamalpais.

Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax, walipanga mbio zao za kwanza za kushindana na saa. Njia iliteremka mita kama 400 ndani ya kilomita tatu na kitu. Breki zilikuwa za kukanyagia nyuma, ndani ya habu ya gurudumu, na mteremko mmoja ulitosha kuichemsha grisi yote ikatoka moshi. Ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya, na kazi hiyo ya kujaza upya ndiyo iliyoipa njia jina lake, Repack. Alan Bonds alishinda siku ile kwa kuwa wenzake wote walianguka. Charlie Kelly aliendesha saa. Wenzao Gary Fisher na Joe Breeze wakaja kuwa na rekodi zilizopishana kwa sekunde chache.

Baiskeli zile zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 20, na kupanda mlima kulimaanisha kushuka na kuzisukuma. Uzito mkubwa ulikaa magurudumuni: rimu za chuma, matairi ya mpira mnene. Mabadiliko yaliyofanya baiskeli ya milimani iwe kitu cha kupandia mlima, si cha kuteremkia tu, yalikuja kati ya 1979 na 1981, zilipopatikana rimu za alumini za inchi 26 kutoka Japani pamoja na matairi mepesi ya kuzivika. Wanaosimulia historia hii hupenda kuzungumzia fremu na gia. Mimi naamini bila rimu zile na matairi yale michezo hii miwili tunayoijadili isingekuwapo. Mfanyabiashara Mike Sinyard alikuwa ameanza na tairi la safari mwaka 1976, na baiskeli yake ya Stumpjumper ya 1981 ikaupeleka mchezo dukani, kwa mtu wa kawaida.

Katikati ya miaka hiyo kuna kisa kimoja kinachostahili kukaa. Mwingereza Geoff Apps alikuwa akijenga baiskeli zake za kupita matopeni, na matairi aliyoyataka aliyapata Finland. Yaliitwa Hakkapeliitta, yalitengenezwa kwa ajili ya theluji, na kampuni iliyoyatengeneza ilikuwa Nokia, hiyo hiyo ambayo wengi wetu tuliijua baadaye kwa simu ya kitochi; wakati ule ilikuwa ikitengeneza mabuti ya mpira na matairi pia. Apps aliwatumia Fisher na Kelly matairi hayo, mengine yakiwa na kipenyo kikubwa kuliko inchi 26. Wakayajaribu, wakayapenda: gurudumu kubwa hupita juu ya jiwe kwa pembe ndogo zaidi. Lakini matairi yalikuja machache na bila uhakika, na inchi 26 ikabaki kuwa sheria. Ilibidi kusubiri hadi 1999, kampuni ya WTB ya California ilipotoa tairi la Nanoraptor kwa magurudumu tunayoyaita leo inchi 29.

Mbio za baiskeli za milimani za kroskantri zilipata mashindano rasmi ya kwanza ya dunia mwaka 1990 huko Durango, Colorado, ambako Ned Overend na Juli Furtado walishinda, na zikaingia Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Jambo la kusikitisha ni kwamba, mara tu mashindano yalipokuwa makubwa, imani ya zamani ikarudi. Watu wa milimani waliiga watu wa lami. Matairi yalipunguzwa hadi inchi 1.9, yakajazwa paundi 40 na zaidi. Kulikuwa na mafundi waliokaa na kisu kikali usiku wa kuamkia mbio, wakipunguza kashata za tairi, moja baada ya nyingine, ili kuokoa gramu chache. Kisha mpandaji aliingia kwenye mizizi na mawe akiwa juu ya kitu kinachorukaruka kama kitenesi.

Kilichoanza kuvunja mtindo huo ni kuondolewa kwa tyubu. Mwaka 1999 Mavic, pamoja na Michelin na Hutchinson, walitoa mfumo wa tairi linalokaa kwenye rimu bila tyubu. Pasipo tyubu hakuna cha kubanwa, kwa hiyo upepo unaweza kupunguzwa. Lakini matairi ya mwanzo ya mfumo huo yalipakwa mpira wa ziada ndani ili yasivuje, yakawa mazito. Jibu lilitoka kwa Stan Koziatek wa jimbo la New York, ambaye kuanzia 2001 aliuza utepe wa kuziba matundu ya rimu na chupa ya maji meupe: utomvu wa mpira uliochanganywa na vitu vingine. Ukimimina kiasi ndani ya tairi la kawaida, jepesi, ukalizungusha, utomvu huziba vitundu vyote, na mwiba ukipita njiani huganda palepale kwenye tundu. Ni utomvu wa namna ile ambao wakinga mpira wa Kongo waliuacha ugande juu ya ngozi zao.

Hapo ndipo uzani uliposhuka kwa kasi. Schwalbe wa Ujerumani walitengeneza Furious Fred, tairi la inchi 26 lililokaribia gramu 300 tu, uzito wa embe moja la wastani. Halikuwa tairi la mtu anayetaka kununua moja tu kwa mwaka. Jiwe kali lililichana ubavuni kama karatasi. Lakini lilionyesha mpaka uko wapi, na matairi ya mbio ya leo, yaliyo makubwa na mapana zaidi, yamekaa kwenye gramu 600 hadi 700.

Ukitaka kuona fedha ya mnunuzi imekwenda wapi, chukua tairi la namna hiyo mkononi kabla halijafungwa. La bei rahisi lina waya wa chuma ukingoni, na hukaa duara kama pete. Hili halina waya. Ukingo wake ni uzi wa aramidi, na unaweza kulikunja kama kanga ukalitia mfukoni. Libinye ubavu kwa vidole viwili: linafuata vidole bila kusukuma nyuma. Chini ya mpira kuna nyuzi za nailoni zilizolazwa mshazari, tabaka moja huku na jingine kule, na kadiri nyuzi zilivyo nyembamba na nyingi ndivyo zinavyohitaji mpira kidogo wa kuziba nafasi baina yao. Tairi la kazi lina nyuzi 60 au pungufu kwa inchi moja; la mbio mara nyingi lina 120 au zaidi. Kashata za katikati ni fupi na zimekaribiana, ili zisijikunje zinapogusa ardhi. Za pembeni ni ndefu zaidi, zinasubiri kona.

Siri yote iko katika kukunjika. Kila sehemu ya tairi inayofika chini hukunjwa, na ikiondoka hunyooka. Mpira ukikunjwa hula nguvu, ukinyooka haurudishi yote. Iliyobaki hugeuka joto. Tairi la ngozi nene hukunja mpira mwingi na kupoteza nyingi, la ngozi nyembamba hupoteza kidogo. Ndiyo maana wepesi na kasi huonekana kama ndugu, ingawa mzani si kipimo cha kuaminika: matairi mawili yenye gramu zile zile huweza kutofautiana sana njiani kwa sababu ya mpira waliochanganyiwa. Mpira laini hushika mwamba uliolowa na hunyonya nguvu, mpira mkavu huteleza na hukimbia, na wakemia wa Hannover, Bangkok na Taiwan wametumia miongo kadhaa kuwapatanisha hao wawili.

Upotevu wa pili hauko ndani ya tairi. Uko ndani ya mwili. Tairi likikataa jiwe, baiskeli nzima huinuka pamoja na mtu wake, na minofu ya mapaja, tumbo na mikono hutikisika. Nguvu iliyomtikisa mtu imetoka kwenye mwendo wake. Pipa la chuma la maabara halikuweza kuuona upotevu huu. Chuo kikuu cha michezo cha Köln kilipopima baiskeli za milimani kwenye ardhi halisi, upepo mwingi ulisaidia kwenye lami tu. Kwenye changarawe, majani na njia za msituni, tairi pana lenye upepo kidogo lilidai nguvu kidogo. Huko Seattle, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Jan Heine na jarida lake la Bicycle Quarterly walijaribu matairi kwenye barabara zenyewe, hata juu ya matuta madogo yanayochongwa ukingoni kuwaamsha madereva wanaosinzia. Matokeo yaliwaudhi wengi. Tairi pana lenye ngozi nyembamba halikuwa polepole kuliko jembamba hata kwenye lami, na kwenye barabara mbovu lilikuwa mbele waziwazi. Heine akaishia kutengenezesha matairi yake Japani, kwa Panaracer, chini ya jina la René Herse.

Wakati huo huo jimboni Kansas watu walikuwa wakiingia kwenye mbio ambazo zingeyapima maneno hayo kwa ukali. Mwaka 2006 waendeshaji 34 waliondoka Emporia kwenda maili 200 kupitia vilima vya Flint Hills, bila lami, bila magari ya msaada. Mbio hizo sasa zinaitwa Unbound Gravel, na washiriki wake ni maelfu. Changarawe ya pale imejaa gumegume, jiwe lile ambalo watu wa kale walichongea visu, na halijaacha kazi yake: linapasua ubavu wa tairi kana kwamba lilinolewa jana. Mwanzoni washiriki walikuja na matairi ya milimita 35 hivi. Wakahamia 40, kisha 45. Kufikia 2024 na 2025 wengi wa waliokuwa mbele kabisa walikuwa wamefunga matairi ya kroskantri ya milimani kwenye baiskeli zao za changarawe, inchi 2.1 au 2.2, na watengenezaji wa fremu wakaanza kupanua uma zao ili yaenee. Upana huo ni karibu sawasawa na wa tairi la Frank Schwinn la watoto, la mwaka 1933. Tofauti iko kwenye nyuzi.

Barabara za namna hiyo ndizo nyingi kwetu, na hilo halikuchelewa kuonekana. Juni 2021 yalifanyika Kenya mashindano ya kwanza ya Migration Gravel Race, siku nne na kama kilomita 650 kupitia nchi ya Wamasai na Maasai Mara, kwenye udongo mwekundu, mchanga, mawe ya volkano na miiba ya migunga. Yalianzishwa ili waendeshaji wa Afrika Mashariki washindane na wageni nyumbani, kwenye ardhi wanayoijua, badala ya kuhangaikia viza kila msimu. Nahodha wa timu iliyotokana na kazi hiyo, Team Amani, yenye vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda, alikuwa Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyekwisha kuendesha mbio za barabarani Ulaya kwa miaka kadhaa. Sule, kama wote walivyomwita, aliona kwamba changarawe ni mlango ambao lami haikuwa imeufungua. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Timu yake bado inapanda.

Kwenye mbio kama zile, usiku wa kuamkia siku ya kwanza kazi ya mwisho kambini huwa matairi. Chupa ya utomvu inatikiswa, valvu inafunguliwa, kiasi kinamiminwa, gurudumu linazungushwa taratibu ili kote kulowe. Tairi linapampiwa hadi likae vizuri kwenye rimu, likilia mara mbili kwa kishindo. Kisha fundi anabonyeza valvu na kuuachia upepo utoke, kidogo, anasimama, kidogo tena. Anaweka dole gumba juu ya kashata na kulisukuma. Linazama. Anatikisa kichwa kukubali na kusogea kwenye baiskeli inayofuata.